Sifuri Niliyokataa Kuifuta

Msimamizi wangu, Prof, aliniambia nifute sehemu tambarare katikati ya mchoro wangu, nami nikamwambia sifuti. Tulikuwa kwenye mkahawa mmoja wa Kilimani, ule ambao maji yanaletwa kando, majani kando, chai ujipikie mwenyewe. "Mwalimu," akasema, maana mimi hufundisha fizikia shule ya upili kule Mountain View, "hiyo ni makosa ya kompyuta. Grafini haina kitu hapo katikati. Toa, umalize digrii yako."

Mimi nina hasira za karibu. Nilimeza ile chai mbichi, moyoni nikasema, wacha we, tutaonana.

Grafini ni kaboni ileile ya penseli, ila utando mmoja tu, wenye unene wa atomu moja. Ukiitia kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu, umeme unaokwenda kando haupandi polepole. Unaruka kwa vidato, kama ngazi za ploti yetu, jengo la kupanga kule Kangemi. Grafini ya kawaida huruka kutoka kidato cha chini ya sifuri hadi cha juu yake bila kukanyaga sifuri yenyewe. Mimi nilikuwa nachunguza ile yenye pengo, iliyolazwa juu ya fuwele nyingine hadi katikati ya nishati zake pakabaki mahali ambapo elektroni haiwezi kusimama. Hesabu yangu ilisema hapo sasa pana kidato kipana, cha sifuri kabisa, ndiyo ile tambarare ya mchoro wangu. Prof alisema hakipo. Kama yeye ndiye aliyepatia, basi tasnifu yangu yote ilikuwa bure, na usajili wangu ulikuwa unaisha bila kuongezwa tena.

Nami nilijua alipoteleza. Elektroni za grafini hukaa katika makundi mawili, tunayaita mabonde, na yanafanana kiasi kwamba sisi watu wa nadharia tumezoea njia ya mkato: piga hesabu ya bonde moja, zidisha kwa mbili, nenda ukale. Lakini pengo likiingia, hayafanani tena. Kiwango cha sifuri, ile ngazi ya kwanza ya nishati ambayo sumaku huzipa elektroni, kinakaa juu ya pengo katika bonde moja, na chini yake katika lingine. Nilimweleza hadi nikachoka. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Mwalimu, zidisha kwa mbili."

Siku ya kutetea tasnifu, mama yangu alikuja mjini na akina mama wenzake wa kanisa la Kangemi, wote kwenye sare, na mfuko mkubwa wa leso, zile khanga za kumtandikia mtu wa kupongezwa apite juu yazo.

"Mama, hawajanipa kitu bado," nikamwambia.

"Sisi tutangoja hapa kwa koridoo. Wewe ingia ufanye kazi yako."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ukifeli peke yako unashuka ngazi kimyakimya, lakini ukifeli na kwaya nzima iko mlangoni, utapitia wapi?

Mambo yalienda vizuri hadi mtahini wa nje alipogusa mchoro wangu kwa kalamu. "Na hii tambarare?"

"Hiyo nilimwambia aondoe," Prof akadakia kutoka kitini.

Jopo zima likanigeukia. Hasira ikanipanda, na nashukuru ilipanda, kwa sababu ilifukuza woga. "Prof, naomba uje kwa ubao. Mimi nichore bonde moja, wewe uchore lingine. Lakini usizidishe."

Hakuna mwanafunzi anayemwita msimamizi wake ubaoni. Mtu mmoja alikohoa. Lakini Prof aliinuka, akachukua kalamu, akaanza kuandika kando yangu, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza ubishi. Alipofika kwenye alama ya pengo, mkono wake ukasimama. Akatazama upande wangu, akatazama wake. Kiwango changu kilikuwa juu, chake chini, na katikati hapakuwa na kitu ila sifuri, pana, imetulia.

"Ala!" akasema. "Kumbe ni hapa!" Akacheka, kicheko cha furaha kabisa, kisha akawageukia wenzake. "Mwalimu ako sawa. Mimi ndio nilikuwa nimekosea." Aki nilitaka kuruka.

Walinitoa nje wakashauriana, wakaniita tena, wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. Nimepita! Prof mwenyewe akanifungulia mlango.

Akina mama hawakuwa wamengoja matokeo. Leso zilikuwa zimeshatandikwa sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, na vigelegele vikaanza kabla sijafungua kinywa. Mama alimwona Prof kizingitini, akamnyooshea mikono miwili kwa heshima. "Pita kwanza, daktari. Wewe ndiye umemfundisha."

Prof akarudisha mguu nyuma.

"Hapana, mama," akasema. "Leo mimi ndiye nimefundishwa. Apite yeye."

Nikavua viatu nikazikanyaga zile leso zote, moja moja, na Prof nyuma yangu akipiga makofi yasiyofuata wimbo hata kidogo.