Mpinzani wangu wa kutotolesha vifaranga Tangini alivyonifundisha kazi yangu mwenyewe

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Kuna kisa kimenikaa moyoni muda mrefu, leo nimeona nikiweke hapa. Kimenitokea mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa bara, nilikuja Kibaha kikazi nikabaki. Naishi Tangini. Ajira ilipoisha nikanunua incubator, ile mashine ya kutotolesha mayai, nikaifunga kwenye chumba cha uani.

Mtaa mzima nilikuwa peke yangu. Watu wanaleta mayai, wananilipa kwa kila yai, baada ya siku ishirini na moja wanakuja kuchukua vifaranga. Wengine walitoka mpaka Dutumi na ndoo zao, mayai yamelazwa kwenye pumba yasipasuke.

Sasa wakuu, ukiwa peke yako unaharibika bila kujua. Mtu analeta mayai hamsini, anapata vifaranga ishirini, namwambia jogoo wake mzee. Anaguna, anaondoka, mwezi ujao anarudi. Angeenda wapi?

Mimi nilidhani wananipenda.

Ndipo akaja Mama Nasra. Mama wa makamo, mwenyeji wa Chole kule Kisarawe, mpole, anaongea taratibu. Akapanga nyumba mtaa wa pili na kufunga mashine mbili.

Nikashusha bei. Yeye hakushusha. Nikashusha tena, na bado wateja wakawa wanapita mbele ya geti langu na trei zao kwenda kwake. Inauma, jamani.

Nikamtuma wife akapeleleze. Alibeba mayai kumi kama mteja wa kawaida. Aliporudi alikuwa na kikaratasi kimeandikwa siku ya kurudi.

Akanieleza kwamba siku ya saba Mama Nasra anamwita mteja, wanamulika mayai pamoja kwa tochi. Lisilo na mbegu unaliona kwa macho yako, na hulilipii. Vifaranga wakitoka anawapa chanjo ya kwanza kabla hujawabeba.

"Nimemsikiliza mpaka nikasahau kama umenituma," wife akasema.

Nilinuna siku mbili. Kumulika nilikuwa najua toka siku ya kwanza, wakuu. Niliona uvivu tu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananidai.

Basi nikaanza na mimi kumulika. Wateja wachache wakarudi, akiwemo Bi Tatu, bibi mmoja wa Dutumi. Aliniletea trei tatu za mayai ya kuku wake wa kienyeji. Alikuwa amepoteza banda zima la kuku kwa ugonjwa wa kideri, na mayai yale ndiyo mbegu iliyobaki.

Siku ya kumi na nne, Jumapili mchana, mashine ikafa. Kile kifaa kinachopima joto kiliungua. Spea ni mpaka Kariakoo, na Jumapili duka lile limefungwa. Nikashika yai moja, nikaona linaanza kupoa mkononi.

Wife akaniambia niende kwa Mama Nasra. Nikamjibu bora nife. Yeye akaanza kufunga trei kwa blanketi la mtoto.

Tukaita bajaji. Njia nzima nawaza jinsi yule mama atakavyonicheka.

Hakucheka. Aliuliza mayai ni ya nani, yana siku ngapi na yamekaa nje muda gani, nikamweleza habari za Bi Tatu. Mashine yake moja ilikuwa tupu, imeshapashwa joto kusubiri mayai ya wateja wake wa jioni ile. Akawapigia simu mbele yangu, akawaomba radhi, akawaambia wasubiri mpaka nafasi ipatikane. Kisha akaanza kupanga mayai yangu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia wakati nikianguka mimi, mtaa wote ni wake.

Akasema bila kuacha kupanga, "Baba Kelvin, yule bibi mayai yakimfia kwako, haji kwangu. Anaacha kufuga. Tumempoteza wote wawili."

Wakuu, nimekaa ofisini miaka, nimehudhuria semina za ujasiriamali zenye chai na sambusa. Hakuna aliyewahi kunielewesha soko kwa sentensi fupi namna ile.

Mayai yalitotoa. Siyo yote, lakini mengi kuliko nilivyostahili. Mama Nasra akawachanja vifaranga, akawaweka kwenye boksi langu, akanitaka nikamkabidhi Bi Tatu nyumbani kwangu. Akaongeza neno moja, kwamba nimwambie ukweli.

Nikamwambia. Bi Tatu akasikiliza hadi mwisho, akanishukuru sana. Kisha akasema, "Mwanangu, basi mimi safari ijayo nitapeleka kule kule."

Alikuwa na haki.

Baada ya pale nikakaa kutafakari kwa utulivu. Kwenye kutotolesha yule mama simuwezi. Lakini wateja wake walikuwa na kilio kimoja: vifaranga wanakufa wiki za mwanzo. Tangini wengi wanatoka alfajiri kwenda kazini Dar, wanarudi kiza kimeingia. Nani abaki kuangalia joto, maji na chanjo?

Nikauza mashine. Nikajenga banda la kulea. Sasa nachukua vifaranga wa siku moja kwa Mama Nasra, nawalea mpaka mwezi, chanjo zote zimekamilika, ndipo nauza. Yeye mwenyewe ananielekezea wateja. Alinipeleka hadi Chole kwa ndugu zake, leo nina wafugaji kule wanaopiga simu kabla sijamaliza kulea kundi.

Namheshimu sana yule mama. Hajawahi kunikumbusha ile Jumapili.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu amefungua banda la kulea kama langu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Sitadanganya, chakula hakikupita siku hiyo.

Kesho yake nikaenda kumsalimia. Nikakuta taa za joto amezifunga juu mno, vifaranga wamejazana kona moja wanalia kwa baridi. Nikaomba ngazi, tukazishusha pamoja. Tulipomaliza walikuwa wameshaanza kutawanyika kula.

Nilichojifunza: zamani wateja walikuwa wananivumilia, mimi nikahesabu kuwa ni ubora. Ilibidi aje mtu wa kuwapa pa kwenda ndipo nijue kazi yangu ilivyo. Na mpinzani mzuri hakufukuzi sokoni, anakuonyesha pale unapofaa.

Wenye biashara humu, yule mliyemchukia alipofungua duka jirani, aliwabadilisha nini? Na wafugaji mnikosoe nilipokosea. Nasoma comment zote.