Ndege Isiyozindikwa

Kampuni mpya ya ndege ilipoanza hapa Unguja, niliajiriwa kuwa ofisa uhusiano, kazi ambayo maana yake ni kuwaandikia wakubwa hotuba na kulaumiwa wakizisoma vibaya. Kampuni ilikuwa na ndege moja ya viti kumi na viwili, ofisi ya vyumba viwili Mji Mkongwe juu ya duka la viungo, na mkurugenzi aliyekaa Ulaya miaka mingi akarudi na imani kwamba hakuna jambo lisilokuza uchumi wa taifa. Hata akitaka chai alikuwa akisema tunywe, tukuze uchumi wa taifa. Mimi ndiye niliyemtungia ile kauli iliyotundikwa mapokezi: "Hii si ndege, ni uchumi wenye mabawa." Naona haya mpaka leo.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Pemba. Mkurugenzi alitaka viti kumi vikaliwe na kina mama wajasiriamali, wapigwe picha na bidhaa zao. Nikamwambia ninao: shangazi yangu wa Jang'ombe ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kumi wanaotengeneza achari ya embe. Sababu yangu ya kweli sikuitaja. Shangazi ana dada mmoja tu duniani, mkubwa wake, anakaa Pemba, na walikuwa hawajaonana miaka tisa. Yule mkubwa miguu imemwishia. Shangazi naye meli humtapisha hata ikiwa bado imefungwa gatini, na ndege alikuwa akisema ni za watu wenye haraka. Kila Ijumaa walizungumza kwa simu, na kila Ijumaa shangazi alimaliza kwa kusema, "Mwakani inshallah." Wote wawili walikuwa wanazeeka, na mimi nilikuwa nimeichoka hiyo mwakani.

Nikampelekea kadi ya mwaliko mwenyewe. Nilimkuta ukumbini anakata maembe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Nisomee, mikono yangu ina chumvi."

Nikamsomea kwa madaha kwamba kampuni ina heshima kubwa kumwalika kwenye uzinduzi wa ndege yake. Kisu kikasimama.

"Mnaizindua?"

"Naam."

"Ilizindikwa lini?"

Nikamwambia sijaelewa. Akanitazama kama mtu aliyelipia mwanawe chuo kikuu halafu akatapeliwa.

"Chungu kinabanduliwa kwa kuwa kilibandikwa," alisema. "Nguo zinaanuliwa kwa kuwa zilianikwa. Sasa nyie mnazindua kitu hakijazindikwa, na mnataka mie nkae ndani yake?"

Kwa Kiswahili cha shangazi, nyumba mpya huzindikwa kwanza: husomewa, hufukizwa, hukingwa na hasidi, ndipo watu wahamie. Kuzindua ni kuiondoa ile kinga. Nilijaribu kumweleza kwamba siku hizi neno limebadilika, kila kitu kinazinduliwa, shule, visima, hata sabuni. Akasema ndiyo maana hakidumu kitu. Jioni ile kina mama wote kumi walikuwa wameshajua kwamba ndege yetu iko uchi.

Siku tatu nilikwenda na kurudi baina ya ofisini na Jang'ombe kufanya mapatano. Shangazi alitaka kwanza aingie ndani ya ndege na chetezo chake cha udi, makaa yakiwaka. Nikamwambia Shangazi, pale pana mafuta, tutazindikwa sote tufike mbinguni. Akafikiri. Akauliza humo ndani mna nguo gani. Nikakumbuka vile vitambaa vya kuwekea kichwa kwenye viti, ambavyo vilikuwa vinashonwa na fundi wa mtaa wa Ng'ambo. Nikavichukua vyote kumi na viwili, nikampelekea kwenye mkoba. Shangazi akafunika tenga juu ya chetezo, akavitandaza, akavifukiza udi na kuvisomea kimoja baada ya kimoja mpaka vikanuka kama kanzu za maharusi. Cha rubani hakikuwamo, akaniagiza nikaombe koti lake. Rubani, mtu wa Makunduchi, alinipa bila kuuliza hata swali moja. Nadhani naye alikuwa na wasiwasi wake.

"Haya, imeshazindikwa," alisema shangazi. "Sasa huyo mgeni wenu rasmi asije akaizindua."

Hapo ndipo nilipoona urefu wa shimo. Hotuba ya mgeni rasmi nilikuwa naiandika mimi, na neno lile lilikuwamo mara kumi na tisa. Nikakaa na shangazi kutafuta jengine. Nikapendekeza "naifungua rasmi". Akauliza kama nataka ifunguke huko juu. Nikasema basi "nairusha". Akasema wapwa zake wa Kendwa wamesharushwa pesa za viwanja vyao na mawakala wa hoteli, wanaijua ladha yake. Mwisho tukakubaliana juu ya "inaanza kazi", ambalo lilikuwa neno la kweli na halikumdhuru mtu. Nikalitia mara kumi na tisa.

Siku yenyewe ilipofika, mgeni rasmi aliingia ndani ya ndege kuikagua, akavuta pumzi, akasema inanukia kama chumba cha bibi harusi. Mkurugenzi, ambaye hakujua chochote, alijibu bila kupepesa macho kwamba huo ni mkakati wa kampuni kuunganisha utamaduni na uchumi wa taifa. Nikapiga picha. Kina mama walikuwa wamejipanga chini ya ngazi na makasha yao ya achari, shangazi mbele, buibui jipya, mkononi tasbihi.

Mgeni rasmi akapanda jukwaani, akatoa karatasi yangu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akasema leo atazungumza kutoka moyoni. Moyo wake ulizungumza nusu saa, jua utosini, na ulipofika mwisho ulisema kwa sauti kubwa, "Na sasa naizindua rasmi ndege hii."

Watu wakapiga makofi. Kina mama tisa wakageuka kumtazama shangazi, na shangazi akarudi nyuma hatua moja. Mkurugenzi akaninong'oneza mbona hawapandi. Nilitamani kulia. Simu yangu ikaita, naye alikuwa yule mkubwa wa Pemba.

"Nshafika uwanjani," alisema. "Wamenileta na kiti changu. Mwambie mdogo wangu mie nimekaa hapa tangu asubuhi."

Nikamwambia shangazi maneno hayo kama yalivyo. Akamtazama mgeni rasmi, ambaye alikuwa anajifuta jasho kwa karatasi ya hotuba yangu, akamtazama sana, kisha akaniuliza, "Huyu si ndiye aliyezindua bomba letu la maji?"

Nikasema ndiye.

Akawageukia wenzake. "Huyu kuzindua kwake hakuna athari. Bomba lile halijatoa tone mpaka leo. Zindiko letu liko palepale, pandeni."

Wakapanda. Mgeni rasmi aliwapungia mkono, akidhani wanacheka kwa furaha ya maendeleo.

Nilikaa kiti cha pili kutoka kwa shangazi. Ndege ilipoinuka mimi ndiye niliyefumba macho, maana ofisa uhusiano alikuwa hajapata kupanda ndege maishani mwake, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Shangazi alikuwa amepanga kuvuta tasbihi mia moja mara kumi. Alikuwa kwenye mara ya pili niliposikia mngurumo unapungua.

"Mbona inashuka?" aliuliza. "Kuna nini?"

"Tumefika, Shangazi."

"Tumefika wapi?"

"Pemba."

Akachungulia dirishani, akaiona mikarafuu, kisha njia nyekundu, kisha watu. Tasbihi ilibaki kidoleni, haikusogea tena.

Dada yake alikuwa kwenye kiti cha plastiki kivulini. Amekuwa mdogo, amepungua, na amevaa kanga ya sikukuu. Wakakumbatiana bila kusimama vizuri wala kukaa vizuri. Nilitegemea furaha, na shangazi alikuwa analia kwa hasira. Akampiga dada yake begani, tena na tena, polepole, kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Hapa tu," alisema. "Miaka tisa nasema mwakani, kumbe hapa tu."

Mkubwa akamshika ule mkono. "Nilikuwa nnakwambia," alisema.

Mkurugenzi akaja kuniambia nipige picha ya achari.