Nyuma ya Kadi

Watu wakinisikia nikifoka juu ya kamusi hunicheka. Wewe mwanamke, wanasema, kitabu cha maneno ndicho kinakutoa povu hivyo? Ndiyo, kinanitoa povu. Kaeni niwaeleze, halafu mcheke kama bado mtaweza.

Kwa miaka tisa nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Ofisi jina tu. Vilikuwa vyumba vitatu ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila walipowasha mashine ya kukatia mabati huko chini, vikombe vyetu vya chai vilicheza mezani. Chumba cha kati ndicho kilichokuwa roho ya ofisi. Kuta zake tatu zilijaa makabati ya droo ndogondogo, kuanzia sakafuni mpaka pale unapofika ukisimama juu ya kiti, na kila droo ilishiba kadi. Mwenye kadi hizo alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja, tuliyemwita Mama Kadi. Alikuwa hapo miaka ishirini na sita kabla ya mambo haya kutokea.

Mama Kadi alikuwa na sheria moja iliyotutesa sote. Maana ya neno haiingii kabatini mpaka mtu anayeifanyia kazi aitamke kwa mdomo wake mwenyewe. Mbele ya kadi aliandika maana. Nyuma aliandika shahidi: kazi yake, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema. Shahidi akikohoa katikati, aliandika "akakohoa". Akitukana, aliandika tusi zima zima bila haya. Ukimwambia, "Mama, maana hii si imo kwenye vitabu vya Waingereza?" alikutazama juu ya miwani.

"Waingereza wana vitabu vyao. Mimi nataka kujua mtu wetu anasemaje akiwa amekishika kitu chenyewe."

Neno lililomweka muda mrefu kuliko yote ni "board". Neno la kawaida tu, mtoto wa shule analijua. Miezi kumi na moja! Nilidhani akili zimemruka. Alikwenda kwa mwalimu kwa ajili ya ubao wa darasani. Akaenda kwa mlezi wa bweni, kwa kuwa huko neno hilo ni chakula na malazi ya wanafunzi. Akaenda gatini, akakaa juu ya gunia nusu siku, akimngoja mpakia mizigo amweleze maana yake pale mtu anapopanda chomboni. Akamwandama katibu wa kampuni moja mpaka akamweleza bodi inavyokaa na inavyovunjwa. Mpiga pasi, mcheza drafti, fundi umeme, wote walitapika waliyoyajua. Kadi zikafika kumi na tisa.

Siku alipomaliza aliniita tunywe chai. Alikuwa na furaha kama bibi harusi.

"Sikia, mwanangu. Zamani Waingereza walikuwa na maneno mawili yanayofanana. Moja ni ubao uliopasuliwa. Jingine ni ukingo, ule ubavu wa meli. Yakaishi jirani weee, mpaka yakawa nyumba moja. Sasa ule ubao wakauwekea miguu, ukawa meza. Mezani kikaja chakula, nacho kikaitwa vivyo hivyo. Halafu wakubwa wakaizunguka meza kupanga mambo, nao wakaitwa vivyo hivyo. Kwa hiyo hawa wanaokuja kutukaripia kila mwezi wa sita, bodi nzima na suti zao, ni ubao tu!"

Alicheka mpaka akavua miwani ajifute machozi.

"Na kabati je?" akaendelea. "Wanasema sisi tumelitoa kwao, na kwao, 'cupboard', lilianza kuwa ubao wa kuwekea vikombe."

Akaligonga kabati lililokuwa nyuma yake. Alikuwa na sababu ya kuligonga kwa mapenzi. Makabati yale yote yalitengenezwa na mume wake, seremala, mwaka ule Mama Kadi alipoajiriwa. Droo mia mbili na kumi, na hakuna hata moja iliyokwama. Na kadi ya kwanza ya neno lile, kadi ya ubao wenyewe, shahidi wake alikuwa huyo huyo mume. Alikuwa anaumwa koo. Daktari alishaweka siku ya kumpasua na kuondoa kile kinachotoa sauti. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Mama Kadi alikwenda na kadi yake karakanani, akakaa juu ya magogo, akamuuliza mume wake kama anavyomuuliza mtu mwingine yeyote: ubao ni nini? Mzee akajibu. Akasema mengi, kadi ikajaa upande wa nyuma mpaka pembeni. Baada ya kupasuliwa aliishi miaka miwili bila neno hata moja, kisha akafa. Hawakuwa na mkanda wala simu yenye sauti yake. Walikuwa na kadi ile.

Haya yote niliyajua, na ninaomba mkumbuke hivyo. Niliyajua.

Sasa akaja mkurugenzi mpya. Tulimbatiza Bwana Ufupi, maana kila jambo kwake lilikuwa refu mno isipokuwa hotuba zake. Wiki ya kwanza alisimama katikati ya chumba cha kati, mikono kiunoni.

"Msomaji wa leo hana muda," alisema. "Neno moja, mstari mmoja. Mpiga chapa, utachapa mbele ya kadi tu, tena kwa mkato. Nyuma huko achana nako. Nyuma ni porojo."

"Porojo?" Mama Kadi akauliza.

"Mama, nani anataka kujua mpakia mizigo alikohoa?"

Mimi nilikaa kwenye kompyuta yangu, nikasema, "Sawa, mkurugenzi." Nilikuwa na hofu ya kazi. Nikachapa, miezi minane, mbele tu, mkato tu. Kadi inayosimulia nusu ukurasa naigeuza mstari mmoja. Kila jioni Mama Kadi alipita mezani kwangu, akasoma kilichotoka, akaenda zake bila kuniambia kitu, na mimi nikajipa moyo kwamba hajakasirika.

Kazi ilipokaribia mwisho Bwana Ufupi akatangaza jingine. Kamusi itazinduliwa na bodi, na bodi haiwezi kukaa kwenye viti vya kuazima. Chumba cha kati kitakuwa chumba cha mikutano. Meza ya watu kumi na wanne imeshaagizwa. Makabati yataondoka Jumatano asubuhi, na kadi atazichukua mnunuzi wa karatasi chakavu.

Nilimwona Mama Kadi akishika ukingo wa droo. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu, lakini siku ile aliomba.

"Mkurugenzi, nipe droo moja. Moja tu. Ya herufi B, hii ya tatu."

"Chukua, mama, chukua!" alisema Bwana Ufupi, kwa ukarimu wa mtu anayegawa kisicho chake. "Uwe na ukumbusho."

Hapa lazima niwaeleze kuhusu kadi nyekundu. Ukitoa kadi kabatini, mahali pake unaweka kadi nyekundu yenye jina lako na tarehe. Ukirudisha, unaitoa ile nyekundu. Na kadi hailali nje. Hata mvua inyeshe mawe, kabla hujatoka ofisini unarudisha ulichotoa. Kwa miaka tisa sikuwahi kuvunja sheria hiyo. Wakurugenzi wote waliotangulia walizikuta kadi mahali pake kwa sababu ya sheria hiyo.

Jumanne ile, siku moja kabla ya makabati kuondoka, kazi yangu ya mwisho ilikuwa "board", neno nililoliruka tangu mwanzo kwa kuogopa kulikata. Nilitoa kadi kumi na tisa, nikaweka nyekundu yangu, nikakaa. Nikachapa: ubao, bodi. Basi. Miezi kumi na moja ya mama wa watu, maneno mawili na mkato mmoja. Nikazifunga kadi kwa mpira, nikaziweka kwenye trei. Kutoka trei ile mpaka kabatini ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu baadaye mara nyingi. Lakini nilikuwa na haraka. Viatu vyangu vilikuwa kwa fundi, naye anafunga kibanda saa kumi na nusu. Nikajiambia, kesho asubuhi nitawahi kuzirudisha. Viatu, jamani! Viatu vya kuzibwa kisigino!

Nilipoondoka, Bwana Ufupi alipita na mfagizi akamwambia asafishe meza zote, kilichochapwa kimekwisha. Kadi za trei yangu zikaingia kwenye gunia. Alfajiri Mama Kadi akaja kabla ya watu, akaichomoa droo yake, akaifunga kamba juu mpaka chini kadi zisimwagike, akaenda nayo nyumbani kifuani. Mimi nilifika saa mbili nikakuta chumba cheupe, kuta tupu, na alama za makabati sakafuni. Trei yangu tupu. Nikajidanganya kwamba labda Mama Kadi amezichukua na kuziweka mwenyewe. Siku nzima nilijidanganya hivyo, na sikwenda kumuuliza.

Alhamisi alipanda ngazi taratibu. Alikuwa na kadi moja mkononi, nyekundu.

"Jina ni lako," alisema. "Ziko wapi?"

Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Twende," na tukaenda, mimi nikikimbia na yeye akitembea haraka kuliko mimi ninavyokimbia. Mnunuzi wa karatasi tulimkuta anakula mbele ya mizani yake. Alitusikiliza vizuri, hakuwa mtu mbaya.

"Lori la kiwandani limeondoka jana mchana, mama," alisema. "Wakifika wanaloweka moja kwa moja. Hizo saa hizi ni uji."

Tukarudi ofisini kwa kuwa hatukuwa na pengine pa kwenda. Meza ilikuwa imeshafika. Ilijaza chumba cha kati ukuta kwa ukuta, inanuka vanishi mpaka macho yanawasha. Mama Kadi akavuta kiti kimoja cha wakubwa, akakaa.

"Ulipoishika ile ya seremala," akaniuliza, "uliigeuza nyuma?"

"Sikuigeuza, Mama."

"Hata kwa kuchungulia?"

"Hata kwa kuchungulia."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa siisomi mara kwa mara. Nilikuwa naogopa kuichakaza. Mwanzo naukumbuka. Alisema, 'Mti ukipasuliwa bado haujawa ubao, mpaka...' Halafu akakohoa. Mpaka nini?" Akanitazama kama vile ninajua. "Alisema kitu kizuri hapo. Mpaka nini?"

Nikamwambia aandike kadi nyingine, kwa jinsi anavyokumbuka, si ni mume wake, anamjua. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika.

"Nimtilie maneno yangu kinywani? Watu wote nimewaandika walivyosema, halafu yeye ndiye nimtungie?"

Mlango ukafunguliwa. Bwana Ufupi. Akatutazama, akaitazama meza.

"Tafadhali msiegemeze mikono," alisema. "Vanishi haijakauka."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikumbuki yote niliyomwambia na sijutii hata moja ninalolikumbuka. Nilimwambia hana haya wala soni. Nilimwambia amechukua umri mzima wa mtu mzima mwenzake akaupeleka ukapikwe uji ili watu kumi na wanne wapate pa kuwekea viwiko. Nilimwambia kamusi yake haifai hata kuzuia mlango. Nilipiga ile meza kwa kiganja, na alama ya kiganja changu ikabaki kwenye vanishi, na natumaini ipo mpaka leo. Akasema nisirudi kesho. Nikamwambia hata keshokutwa hanioni.

Alipotoka, nitasema ukweli, nilijisikia vizuri. Nikamgeukia Mama Kadi nikidhani tumeshinda kitu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Mama, yule mtu..."

"Yule mtu hana akili, lakini hakutoa kadi. Jina lililo kwenye nyekundu si lake."

Akafungua mkoba wake, akatoa kadi mpya, nyeupe, na kalamu. Mbele aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake uleule mdogo: "board". Akaigeuza, akaisukuma kwangu juu ya meza.

"Andika shahidi," alisema. "Kama ilivyokuwa."

Niliandika. Kazi: mpiga chapa. Kwamba kadi kumi na tisa za neno hili nilizitoa Jumanne, tarehe kumi na mbili. Kwamba niliziacha kwenye trei saa kumi na dakika ishirini, na kabati lilikuwa hatua kumi na mbili. Kwamba nilikuwa nawahi viatu. Kwamba ya seremala niliishika mkononi nikachapa upande wa mbele, na nyuma sikusoma. Nilipofika hapo nikalia, na kilio kikanizuia kuandika, nikampa hivyo hivyo.

Alisoma yote polepole, kidole chini ya mstari. Kisha akanirudishia na kalamu.

"Umekosea tarehe," alisema. "Jumanne ilikuwa kumi na moja. Na pale mwisho ulilia. Liandike."