Kifurushi cha Kuongea na Kaka

Fundi seremala mmoja aliacha kazi mgongo ulipokataa kuinamia benchi. Anaishi peke yake nyuma ya karakana. Mashine za vijana zikiunguruma, vikombe vyake kabatini hutetemeka. Kaka yake alizaliwa kiziwi, na hakuna shule iliyomfundisha lugha ya ishara. Lugha yao waliitunga wenyewe utotoni, kwa mikono, na tangu mama yao afariki hakuna mwingine anayeijua yote.

Kaka alipougua, binti yake alimhamishia kwake, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mgongo wa fundi hauiwezi. Ikabaki simu ya picha. Vifurushi vidogo vilimkatikia katikati ya maongezi, na bei ya intaneti ya nyumbani ilimshinda, hadi aliposikia redioni kwamba kampuni moja inawauzia wazee kwa nusu bei.

Alikwenda dukani kwao amevaa shati lake la kutokea. Dada wa kaunta alimvutia kiti, akamwita babu. Fundi aliuliza jambo moja tu: je, inatosha kuongea na kaka yake bila kukatika?

"Babu, hii utaongea mpaka koo likauke," dada akamwambia.

Akasaini mkataba wa mwaka. Hakusema kwamba kaka ni kiziwi. Wala hakuficha; kwao wawili, kutumia mikono ndiko kuongea, na hakuwahi kuliita jambo hilo kwa jina lingine.

Kisanduku cha intaneti kikawekwa juu ya kabati. Jioni hiyo uso wa kaka ulitokea vizuri, kisha ukaganda, mkono ukiwa hewani na vidole vimekuwa ukungu. Picha ilipozinduka, maneno yalikuwa yameshapita. Sauti ndiyo iliyokuja safi: kikohozi cha kaka, kijiko kikigonga bakuli.

Akarudi dukani. Dada akaangalia kompyuta, akaeleza kwamba kasi ya kifurushi cha wazee ndiyo hiyo. Kasi kubwa haina punguzo, na mkataba hauvunjwi kabla ya mwaka kwisha.

"Zima picha, babu. Sauti haitakusumbua hata kidogo."

"Kaka yangu hasikii," fundi akasema.

Dada akarudisha macho kwenye kompyuta. Akampa pole, akamwita mteja aliyefuata.

Basi fundi akajifunza kuongea polepole. Anainua mkono, anaushikilia hadi binti aseme picha imefika, ndipo anapoleta neno la pili. Maneno yake yanafika. Ya kaka hayafiki, maana mkono wa mgonjwa haukai hewani. Siku moja binti alijaribu kumsaidia.

"Ameshika sikio, baba mdogo, halafu kama anakata kitu. Anataka nini?"

Sikio ni mama. Hilo la kukata hakuweza kulijua bila kuliona mwenyewe, akaomba lirudiwe. Kaka akarudia, akarudia tena, uso umekunjamana kwa hasira, kisha akaingiza mikono chini ya shuka.

Tangu hapo mikono haitoi. Anatazama tu, na fundi anamsimulia mvua, karakana, nani kafariki, neno moja moja.

Jana fundi alimuuliza tena alitaka kusema nini kuhusu mama. Akalishikilia swali hewani mpaka bega likamuuma.

"Imefika, baba mdogo," binti akasema.

Shuka halikutikisika.