Sahani Iliyoshuka Ukutani

Bibi niliyekuwa nikimtunza kule ughaibuni, mjini Falls Church, alikuwa na sahani kumi na mbili za buluu, zimening'inizwa ukutani kwa waya. Zilitengenezwa Uingereza, enzi za Malkia Viktoria, na hakuna aliyezilia chakula. Mie mtu wa Tanga zilinitia huruma.

Alinifundisha kuzitazama. Picha ya maua ilichongwa kwenye bamba la shaba, ikapigwa chapa kwenye karatasi laini, kisha wanawake wakaikata na kuibandika kwenye sahani kwa mikono yao. Ukingoni palikuwa na mahali maua hayakukutana sawasawa. Nyuma limegongwa jina la mwenye kiwanda, majina ya wale wanawake hayapo. Nikasema moyoni, kumbe hata huko mfanyakazi hatajwi!

Siku ya Idi nilipika pilau. Jikoni kwake vyombo vilikuwa vya plastiki na karatasi, na kwetu jirani hapelekewi chakula kwenye takataka. Bibi alikuwa amelala. Nikashusha sahani moja, nikapakua, nikampelekea mama mmoja Mkongo wa ghorofa ya chini. Ruhusa sikuomba.

Siku tatu sahani haikurudi. Siku ya nne akaja binti yake bibi, ndiye aliyeniajiri, akaona pengo ukutani. Nikamwambia ukweli. Akasema sahani ikiwa imepotea au imevunjika, kesho nisije. Nilishuka ngazi mbiombio, maana kazi ile niliipenda, na bibi nilimpenda zaidi.

Sahani ilikuwa mezani kwa yule mama, safi, inameta. Nikamfokea, mbona hukuirudisha? Akanitazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu. Angeirudishaje tupu? Zamu za hospitalini zilimbana, leo ndiyo kapata nafasi ya kukaanga samaki. Nikaona haya. Mamangu angenichapa kwa swali lile.

Nikapanda na samaki na sombe, kisamvu cha kwao, juu ya yale maua. Binti akakagua ukingo mzima, hakuona ufa. Nikawaeleza kwa nini ilichelewa. Bibi akavuta kiti, akaanza kula kwa vidole.

"Mama, hiyo ni ya ukutani," binti akasema.

"Aliyeyabandika haya maua," bibi akajibu, "alijua anatengeneza sahani."

Binti akamega kipande cha samaki.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kazini kama kawaida. Ukutani palikuwa na pengo jingine. Binti ndiye aliyeishusha ya pili, maana bibi hafikii huko juu, na bibi alikuwa ameiweka mbele yake mezani, ananingoja nimwambie tunampikia nini yule mama.