Mgomba Uani kwa Bibi

Watu wa Musoma wanaonifahamu husema najisifu, na mimi sikatai. Katika mkoa huu simjui mwingine aliyesomea maji yaendayo kasi. Nina diploma ya utalii niliyoipata Uganda, na miaka niliyofanya kazi Jinja niliwashusha wageni kwenye maporomoko ya Mto Naili mpaka wengine wakanikumbatia huku wanalia kwa furaha. Sikuwa na mjomba ofisini wala padri wa kunisemea. Niliondoka na begi moja, nikavukia Sirari. Niliporudi nilikuwa na pikapu, kayaki tatu, mitumbwi myembamba ya mtu mmoja mmoja, zimefungwa juu yake, na leo nina nyumba Buhare yenye vigae kila chumba.

Mtu pekee ambaye hayo yote hayakumshtua alikuwa bibi yangu wa Makoko, mama yake baba, aliyenilea. Aliniita mume wangu. Mabibi wengi huwaita wajukuu hivyo kwa utani, ila wa kwangu alikuwa na sababu ya ziada. Nilipewa jina la babu, na babu alizama ziwani kabla sijazaliwa, asipatikane. Kwetu, mtu aliyemezwa na maji akakosekana, huzikwa shina la mgomba badala yake. Linavikwa sanda, linaombewa, linafukiwa, kisha mjane ananyolewa nywele. Bibi alikataa. Alisema yeye hakuolewa na mgomba. Kwa hiyo hakunyolewa, hakuitwa mjane, na nilipozaliwa akaniweka mahali palipokuwa wazi. Kichwa cha sato, ambacho kwetu ni cha mwenye nyumba, kilikuwa changu tangu nilipoanza kula samaki. Baba yangu alipewa mkia, na akinung'unika aliambiwa asigombane na baba yake.

Masika yaliyopita niliamua kushuka korongo la mto mmoja unaotoka kwenye milima ya Tarime kwenda kumwaga maji yake Mto Mara. Nilikuwa nimeukagua kwa miguu wakati wa kiangazi, jiwe kwa jiwe. Nilichukua marafiki watatu. Wa kwanza ni mvuvi wa Makoko tuliyekua pamoja. Wa pili ni mwalimu wa Butiama, mtu wa mbio na mazoezi. Hao wawili nilikuwa nimewafundisha kayaki ziwani miezi mingi. Wa tatu ni rafiki yetu wa Mugeta, mtoto wa wafugaji, ambaye anaogopa hata josho la ng'ombe. Yeye alikuwa wa kuendesha pikapu. Angetushusha kwenye daraja la juu, na kesho yake atungoje kwenye daraja la chini.

Tulipopita Makoko kuaga, bibi alikuwa anaanika dagaa.

"Mume wangu," alisema bila kuinua macho, "ulishaniacha mara moja."

Nikamwambia yule wa kwanza hakuwa na diploma.

"Yule alikuwaga anaogelea mpaka kisiwani na kurudi. Wewe unaogelea mpaka wapi?"

Marafiki zangu walicheka. Nami nilicheka, nikambusu kichwani, kwenye zile nywele zake nyeupe ambazo hakuwahi kuruhusu mtu azipunguze.

Mto ulikuwa umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, na sauti yake tuliisikia kabla hatujaona daraja. Simu zetu tulimwachia dereva zisilowe. Niliwatanguliza wale wawili, kwa sababu anayeongoza maji ya aina ile kwa watu wasioyazoea anakaa nyuma, amwone kila mmoja. Walipita vizuri jiwe la kwanza, wakakata kona, wakapotelea kati ya kuta za korongo. Nikafuata.

Chini kidogo ya daraja wimbi lilinipiga ubavuni na kayaki ikapinduka. Nieleze hapa, maana watu wengi hawaelewi. Mtu akipinduka amefungwa kiunoni ndani ya kayaki, kichwa chini, asiyejua hukimbilia kujigeuza papo hapo akiwa katikati ya povu, anashindwa, anachoka. Anayejua hungoja. Anakunja mwili, analaza kasia ubavuni mwa chombo, anayaacha maji yampeleke mpaka yatulie. Nilingoja. Nilipita kona tumbo la kayaki likiwa juu, nikahisi maji yamelegea, nikajigeuza mara moja tu, safi, kama nilivyofundishwa na kama nilivyowafundisha wengine. Nikatoka nikiwa napumua kama mtu aliyeamka usingizini. Mvuvi aliniona akasema kumbe hata fundi analoa.

Siku ile ilikuwa miongoni mwa siku nzuri za maisha yangu. Kuta za mawe juu yetu, pimbi wanatuchungulia, maji yanatupa na kutudaka. Mwalimu alipiga kelele kila poromoko mpaka sauti ikamkauka. Tulilala kwenye mchanga ukingoni, tukaota moto, mvuvi akasema ziwa ni mama mkwe, unaliheshimu kwa mbali, lakini mto ni shemeji, unaweza kushikana naye mieleka.

Kesho yake tulifika daraja la chini na pikapu haikuwepo. Tulimsema sana mwenzetu. Mwalimu alidai lazima ameona ng'ombe wazuri mahali akasahau watu. Tuliazima simu kwa mpita njia, lakini namba pekee niliyoijua kwa kichwa ilikuwa yangu mwenyewe, nayo haikupatikana. Magari hayakupita. Tulilala shuleni kwa hisani ya mlinzi, na asubuhi lori la mahindi likatuchukua mpaka Musoma.

Nilikwenda kwanza Makoko, na niliona turubai kabla sijafika uani kwa bibi. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanawake chini. Wa kwanza kuniona alikuwa rafiki yetu wa Mugeta. Alisimama, akakaa tena, akafunika uso. Yeye, akiwa juu ya daraja, alikuwa ameona tumbo la kayaki likipita kona na mimi sipo. Hakuona kilichofuata. Alipiga simu Makoko palepale, kisha akaendesha kurudi na habari, akilia njia nzima, daraja la chini limemtoka kabisa akilini. Baba zangu wadogo walikuwa wamekwenda kunitafuta kwenye vinamasi Mto Mara unakoishia.

Mbele ya mlango, juu ya mkeka, ulilala mgomba. Ulikuwa umekatwa kwa urefu wangu, umevikwa shuka jeupe, umefungwa kamba mahali pa shingo na mahali pa miguu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi jipya tayari, udongo haujakauka.

Baba ndiye aliyenieleza, amenishika mkono kama mtu anayeogopa nitaponyoka. Habari ilipofika, wazee walitaka wangoje. Bibi akasema, "Wa kwanza nilimsubiri mpaka nywele zikageuka nyeupe. Wa pili simsubiri." Lakini kwetu mdogo hazikwi mkubwa akiwa bado hajazikwa. Basi, ili mjukuu aweze kuzikwa, ilibidi kwanza azikwe babu. Mwenyewe alikwenda shambani kuchagua mgomba. Walimzika babu jana yake, bibi akakaa chini, akanyolewa. Mgomba wa pili, ule wa mkekani, ulingoja tu baba wadogo warudi mikono mitupu.

Nilimkuta ndani, ameegemea ukuta. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani, kinang'aa mafuta. Nilipiga magoti. Nilitaka kumchekesha, nikasema lile neno letu.

"Mke wangu, nimerudi."

Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanipapasa masikio, kidevu, mabega. Machozi yalimtoka, ya furaha, naapa yalikuwa ya furaha.

"Mume wangu nimemzika jana," alisema. "Wewe ni mjukuu wangu. Karibu, mjukuu wangu."

Nje walianza kupiga vigelegele. Wazee walinitoa, wakanirudisha kwa mlango wa nyuma, kwa sababu aliyeliliwa akiwa hai haingii kwa mbele. Mgomba wangu ulibebwa ukatupwa ziwani, na watu wakala chakula cha msiba kama cha harusi.

Nilidhani ingepita. Nilikwenda Makoko kila Jumapili, nikamtania, nikamwita mke wangu mbele ya watu. Aliitika, lakini aliitika kama bibi. Nywele ziliota tena, akazikata mwenyewe.

Jumapili moja alipika sato. Alipakua mwenyewe kama kawaida, akaweka kichwa kwenye sahani ya baba. Baba alikitazama, akaisogeza sahani kwangu.

"Mpe mwenyewe, mama."

"Mwenyewe ndiye wewe," bibi alisema. "Baba yako hayupo. Kula."

Baba alikula, bila raha. Mimi nilipewa mkia. Mkia wa sato una miiba midogo mingi na nyama kidogo, na nilikuwa sijawahi kuula. Ilinichukua muda mrefu kuumaliza.