Mshtarii ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni kinyozi ambaye mkasi wake husinzia lakini mdomo haulali. Mwaka aliponunua darubini ya mtumba, wateja walikaa kitini vichwa vimenyolewa nusu, wakisubiri amalize habari za Zohali na pete zake. Aliyeuliza swali aliitwa mbumbumbu. Dada aliitwa hivyo mara nyingi zaidi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Kila giza lilipoingia shemeji aliitega darubini juu ya paa, akaielekeza kwenye mwanga mmoja mweupe upande wa mashariki. Alisema ni Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Nilimuuliza mbona haisogei, ilhali nyota nyingine zinapanda na kushuka. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa asiyetibika, akajibu kwamba mkubwa hana haraka. Dada hakuruhusiwa hata kuchungulia, eti atapumulia kioo.

Jumamosi moja akawaalika majirani. Walipanda ngazi wakihema, wakachungulia mmoja mmoja, wakatikisa vichwa kwa adabu. Fundi bomba, mtu asiyependa ugomvi, alidai ameona hadi miezi yake. Debe tupu likazidi kuvuma. Shemeji alikuwa ameanza kueleza tufani za Mshtarii pale umeme ulipokatika mtaa mzima.

Na Mshtarii ikazimika.

Ilikuwa taa ya ghorofa linalojengwa nyuma ya soko.

Hakuna aliyecheka. Shemeji alijifuta jasho, akasema ni wingu limepita. Wingu gani, wakati nyota zimetapakaa juu yetu kama mchele uliomwagika? Kisha akasema anashuka kutafuta mshumaa, na huo mshumaa hatujauona mpaka leo.

Hapo dada akasogea, akaigeuza darubini kuelekea magharibi, ulikokuwa mwezi mchanga. Aliinama, akabandika jicho kwenye kioo.

"Kumbe una mashimo," akasema. "Njoo uone, mdogo wangu. Miaka yote hii nilidhani ni laini."

Majirani wakapanga foleni upya. Safari hii walisukumana, na fundi bomba alirudi mara tatu bila kudai chochote.

Darubini sasa inakaa chumbani kwa dada. Shemeji hazungumzii tena mbingu. Siku hizi anawafundisha wateja namna sahihi ya kupumua.